Hekalu la Kigiriki Lisomwe Kuanzia Kwenye Kona

Ukizipitia haraka picha za mahekalu ya Wagiriki wa kale, utadhani ni jengo moja lililopigwa picha mara nyingi. Lile la Paestum kusini mwa Italia, lile la Segesta huko Sicilia, lile la Bassae milimani Arkadia, na Parthenon juu ya mwamba wa Athens: yote yana ngazi chache chini, nguzo zinazozunguka pande nne, boriti za mawe juu ya nguzo, na paa la mgongo lenye pembetatu mbele na nyuma. Kwa zaidi ya miaka 400 mafundi waliendelea kulirudia umbo hilo.

Marudio hayo huwafanya watu wengi waamini kwamba usanifu wa Kigiriki ni suala la kukariri majina ya mitindo mitatu ya nguzo. Shuleni hufundishwa hivyo: Kidoriki, Kiioniki, Kikorintho, basi. Lakini mafundi wale waliliacha umbo libaki lilelile makusudi, kisha akili yao yote wakaiweka kwenye vipimo na maungio. Anayetaka kuiona akili hiyo asianzie kwenye uso wa mbele. Aende kwenye kona, pale uso wa mbele unapokutana na ubavu. Karibu kila tatizo gumu la hekalu la Kigiriki liko hapo, na hata mitindo ile mitatu hueleweka vizuri zaidi mtu akiuliza kila mmoja ulifanya nini ulipofika konani.

Tuanze na nyumba yenyewe ilikuwa ya nani. Msikiti na kanisa hujengwa ili waumini waingie. Hekalu la Kigiriki halikuwa na kazi hiyo. Lilikuwa makazi ya mungu, na ndani yake ilikaa sanamu yake pamoja na mali aliyotunukiwa. Ibada kubwa ilifanyika nje, kwenye madhabahu iliyosimama mbele ya jengo, mara nyingi upande wa mashariki. Hapo ndipo wanyama walipochinjwa, sehemu ya mungu ikachomwa na nyama ikagawiwa watu. Milango ilipofunguliwa, sanamu ilitazamana na madhabahu. Mahali patakatifu pangeweza kukaa miaka mingi bila hekalu, mradi madhabahu ipo.

Kwa hiyo aliyelitazama jengo alikuwa nje, akilizunguka na kuliona kwa upande mara nyingi kuliko kwa mbele. Ukifika Akropoli, ule mwamba wa Athens wenye mahekalu, kwa njia ya kale, Parthenon haikupokei uso kwa uso. Unaliona kwa nyuma, tena kwa mshazari, pande zake mbili kwa pamoja na kona ikiwa katikati. Jengo la namna hii halina upande wa kuficha kasoro.

Ramani yake ni nyepesi. Katikati kuna chumba kirefu cha mstatili, ndicho chumba cha mungu. Mbele yake kuna baraza lenye nguzo, na nyuma mara nyingi kuna baraza la pili lisilo na mlango wa kuingilia chumbani, lililowekwa ili nyuma pafanane na mbele. Hayo yote yamezungukwa na safu ya nguzo. Mwanga wa ndani uliingia zaidi kwa mlangoni, ingawa Parthenon lilikuwa pia na madirisha mawili kando ya mlango wa mashariki. Sanamu ya Athena iliyokuwamo, kazi ya Phidias, ilikuwa na kimo cha takriban mita 12, mwili wa pembe za ndovu na mavazi ya dhahabu. Mbele yake palikuwa na dimbwi la maji la kuipa pembe unyevu, kwa sababu hewa ya kule juu ni kavu. Huko Olympia, mahali penye majimaji, sanamu ya Zeus ilihitaji mafuta badala ya maji. Dhahabu ya Athena ilikuwa na uzito wa talanta 40, yaani zaidi ya tani moja, na ilitengenezwa iweze kubanduliwa. Vita na Sparta vilipoanza mwaka 431 KK, Pericles, kiongozi wa Athens, aliihesabu kama akiba ya dola. Chumba cha mungu kilikuwa pia hazina.

Lakini umbo lenyewe lilitoka kwenye miti na udongo. Huko Lefkandi, kwenye kisiwa cha Evia, yamefukuliwa mabaki ya jengo la karibu mwaka 950 KK lenye urefu wa takriban mita 50, kuta za matofali mabichi na safu ya miti iliyosimikwa nje kuzunguka. Ndani yake palikuwa na makaburi, na si lazima liwe lilikuwa hekalu, ila wazo la nguzo za nje tayari lipo. Kuta za matofali mabichi huogopa mvua; paa likitokeza mbele na kubebwa na miti, ukuta unabaki mkavu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na vigae. Katika karne ya 7 KK mafundi wa Korintho walianza kuezeka kwa vigae vya udongo wa kuchoma. Paa la nyasi hutaka mteremko mkali ili maji yasitulie. Paa la vigae hutaka mteremko mdogo, vinginevyo vigae vinaporomoka, na huko ndiko pembetatu ile bapa ya mbele ilikotoka. Vigae pia ni vizito mno. Udongo na miti havikuvimudu, na kizazi baada ya kizazi mawe yakachukua nafasi, kwanza kwenye nguzo, halafu kwenye boriti. Katika hekalu la Hera huko Olympia, la karibu mwaka 600 KK, nguzo hazilingani kwa unene wala kwa vichwa, kwa sababu zile za mti zilibadilishwa moja moja kadiri zilivyochakaa. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliikuta moja ya mwaloni ingali imesimama.

Jiwe lilileta sharti lake. Mti hupinda kidogo kabla ya kuvunjika; boriti ya jiwe ikiwa ndefu kupita kiasi hupasuka kwa chini, katikati, bila onyo. Wenye nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar wanalijua sharti la aina hii: upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, na hakuna namna ya kuuongeza. Kwa Mgiriki, umbali kati ya nguzo na nguzo ulipangwa na jiwe, na ndiyo sababu nguzo za mahekalu ya mwanzo zimesongamana na ni nene kiasi kile.

Sasa twende konani. Katika mtindo wa Kidoriki, juu ya boriti kuu kuna ukanda wenye vipande vya aina mbili vinavyopokezana. Cha kwanza ni triglifi, bamba lenye mifereji ya wima. Cha pili ni metopi, bamba la mraba ambalo lingeweza kuchorwa au kuchongwa picha. Vitruvius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, alisema triglifi ni kumbukumbu ya ncha za boriti za mti zilizofunikwa kwa ubao. Chini ya kila triglifi kuna vijiti sita vya jiwe vinavyofanana na vigingi vya seremala, na hilo linampa nguvu. Ila triglifi ziko pande zote nne, ilhali ncha za boriti zingetokeza pande mbili tu, kwa hiyo maelezo yake hayatoshi peke yake.

Ukanda huo ulikuwa na kanuni. Triglifi moja ikae katikati kabisa ya kila nguzo, na moja katikati ya kila nafasi baina ya nguzo mbili. Halafu kwenye kona ukanda uishie kwa triglifi, na triglifi mbili zigusane, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Kanuni hizi mbili zinaonekana nyepesi, na jengo likiwa la mti zinapatana. Kwenye jiwe hazipatani, na sababu ni ya kipimo tu. Boriti ya jiwe inalazimika kuwa nene, nene kuliko upana wa triglifi. Nguzo ya kona imekaa katikati ya unene huo. Triglifi ikisogezwa hadi ukingoni mwa kona, inakuwa imeihama nguzo yake. Ukiirudisha katikati ya nguzo, kona inabaki na kipande cha metopi kinachoning'inia, na macho ya Kigiriki hayakukikubali.

Hapo ndipo uhodari ulipopimwa. Wengine walizipanua metopi za mwisho kidogo kidogo, wakitumaini hakuna atakayeona. Wengine waliisogeza nguzo ya kona ndani, ikaribiane na jirani yake, ili nafasi ya mwisho iwe fupi na triglifi ifike ukingoni bila metopi kuvutwa. Wengine walichanganya njia zote mbili na kuzipunguza nafasi mbili za mwisho badala ya moja. Katika Parthenon, kutoka katikati ya nguzo moja hadi ya pili ni takriban mita 4.3, lakini kwenye kona ni takriban mita 3.7. Zaidi ya nusu mita imeondolewa, na watu wengi hupita bila kutambua. Wanachohisi ni kwamba kona imekaza, jengo limeshikwa vizuri pembeni. Tatizo la hesabu limegeuka kuwa nguvu ya macho, na kwangu hakuna jambo katika usanifu wote wa Kigiriki linalozidi hilo kwa uzuri.

Si wote walioridhika. Vitruvius anasimulia kwamba wasanifu kadhaa, Pytheos na Hermogenes wakiwemo, walisema Kidoriki hakifai kwa mahekalu kwa sababu ya kona hiyo. Hermogenes alikuwa ameshaandaliwa marumaru za hekalu la Kidoriki la Dionysos, akabadili nia na kulijenga kwa Kiioniki.

Kiioniki kilikua upande wa pili wa bahari, kwenye miji ya Kigiriki ya pwani ambayo leo ni Uturuki, na visiwani. Nguzo yake ni nyembamba zaidi, ina kitako, ina mifereji 24 badala ya 20, na kichwa chake kina mizunguko miwili kama karatasi iliyoviringwa kutoka ncha mbili. Ukanda wa juu hauna triglifi, kwa hiyo ugomvi ule haupo. Lakini kona ilileta ugomvi mwingine. Kichwa cha Kiioniki kina uso na ubavu: ukikitazama kwa mbele unaona mizunguko, kwa upande unaona kitu kama mto uliokunjwa. Nguzo ya kona inatazamwa pande mbili. Ikionyesha uso mbele, ubavuni inaonyesha mto, na safu nzima ya ubavu inakosa mwisho. Dawa yao ilikuwa kutengeneza kichwa maalumu chenye nyuso mbili zinazokutana konani, na mzunguko wa hapo ukapindwa nyuzi 45 ili utumikie pande zote mbili. Kwenye hekalu dogo la Athena Nike, pale mlangoni mwa Akropoli, mzunguko huo uliopinda unaonekana wazi.

Kichwa cha Kikorintho, chenye majani ya akanthu, hakina shida hiyo: pande zake nne zinafanana. Cha kwanza tunachokijua kilikuwa ndani ya hekalu la Apollo huko Bassae, mwishoni mwa karne ya 5 KK, na kwa muda mrefu kilibaki kuwa pambo la ndani. Kilipotoka nje kilienea, na Warumi wakakipenda kuliko vyote. Hekalu la Zeus mjini Athens, lililoanzwa katika karne ya 6 KK na kukamilishwa na Kaisari Hadrian karibu mwaka 131 BK, lilikuwa na nguzo 104 za namna hiyo.

Turudi Parthenon, maana hapo kona ina mengine. Lilijengwa kati ya 447 na 432 KK kwa marumaru ya mlima Penteli, kilomita 16 hivi kutoka mjini. Wasanifu wake ni Iktinos na Kallikrates. Lina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, na sakafu inayobeba nguzo ni mita 30.88 kwa 69.50. Mwaka 1846 na 1847 Mwingereza Francis Penrose alilipima kwa uangalifu mkubwa, na vipimo vyake vikathibitisha kwamba jengo hilo linaloonekana kuwa limenyooka kabisa lina mistari michache sana iliyonyooka.

Sakafu imevimba katikati, takriban sentimita 6 kwa upande mfupi na 11 kwa upande mrefu. Ukiinama kwenye ncha moja ya ngazi, unauona mgongo huo kwa macho. Boriti za juu nazo zinaufuata. Nguzo zote zimeinama kidogo kuelekea ndani, kiasi kwamba zikirefushwa zingekutana zaidi ya kilomita 2 angani. Kila nguzo ina tumbo dogo, kule kuvimba kunakoitwa entasisi, kwa chini ya sentimita 2. Na zile za kona? Zimeinama kwa mshazari, kuelekea ndani kwa pande zote mbili, na ni nene kuliko wenzake kwa takriban sentimita 4. Vitruvius ana sababu yake: nguzo ya kona ina hewa tupu nyuma yake, na hewa huila, ikaonekana nyembamba kuliko ilivyo. Kuhusu sakafu, alisema ikilazwa sawasawa itaonekana imebonyea katikati.

Maelezo hayo ya kusahihisha macho yana ukweli ndani yake, na sakafu iliyovimba humwaga maji ya mvua vizuri pia. Hata hivyo mimi siamini kwamba yanatosha. Ufundi huu ni wa zamani kuliko Parthenon. Hekalu la Apollo la Korintho, la karibu 540 KK, tayari lina sakafu iliyovimba. Kama lengo lingekuwa tu kufanya mistari ionekane imenyooka, mgongo wa Parthenon usingeonekana kirahisi namna ile. Nadhani walitaka jengo lionekane linabeba mzigo, limejikaza kutoka kona hadi kona, lisikae tu kama lundo la mawe.

Gharama ya uamuzi huo ilikuwa kubwa. Sakafu ikivimba, nguzo ikiinama na kona ikibanwa, mawe hayawezi tena kuchongwa kwa kipimo kimoja. Pingili ya chini ya kila nguzo inachongwa na mteremko wake. Kila jiwe la ngazi lina pembe zake, tofauti na za jirani kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini patasi inakijua.

Wangewezaje kuyaweka sawa mawe hayo bila karatasi za ramani? Jibu moja lilipatikana mwaka 1979 huko Didyma, kwenye hekalu kubwa la Apollo ambalo halikumalizwa. Mtafiti Lothar Haselberger aliona mistari myembamba iliyokwaruzwa kwenye kuta za ndani, akagundua kwamba ni michoro ya ujenzi. Kuna mchoro wa entasisi ambamo upana wa nguzo umechorwa kwa ukubwa wake halisi, lakini kimo kimefupishwa mara 16, hivyo tumbo lile lililo dogo mno linakuwa tao linaloweza kuchorwa kwa bikari. Fundi alipima upana kwenye ukuta na kuuhamishia kwenye jiwe. Michoro imebaki kwa sababu kuta hazikuwahi kupewa msasa wa mwisho.

Ujenzi wenyewe ulianzia machimboni. Mawe yalichongwa hukohuko kwa ukubwa wa karibu, yakaachiwa vinundu vya kufungia kamba na ngozi ya ziada ya kuyalinda njiani. Yalinyanyuliwa kwa kapi na winchi. Zamani zaidi, yalivutwa juu kwa mteremko wa udongo uliojazwa. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba kwenye hekalu la Artemis la Efeso, katika karne ya 6 KK, boriti zilipandishwa juu ya rundo la mifuko ya mchanga, kisha mifuko ya chini ikamwagwa polepole hadi jiwe likakaa mahali pake. Hawakutumia chokaa ya kuunganisha. Nyuso zilisagwa hadi zikagusana, na pingili za nguzo zilishikwa katikati na vizibo vya mti na pini. Mawe ya ukuta yaliunganishwa kwa vyuma vilivyomiminiwa risasi iliyoyeyushwa, ambayo ilizuia kutu na kupunguza mshtuko wa tetemeko. Mifereji ya nguzo ilichongwa mwishoni kabisa, nguzo ikiwa imesimama. Segesta inatuonyesha hatua hiyo: nguzo 36 hazina mifereji, na vinundu vingali kwenye ngazi.

Kuhusu waliofanya kazi tunajua kitu kutokana na hesabu zilizochongwa kwenye mawe ya Erechtheion, hekalu jingine la Akropoli, za miaka ya 409 hadi 406 KK. Raia, wageni wakazi na watumwa walifanya kazi bega kwa bega, na malipo ya kawaida yalikuwa drakma moja kwa siku, hata kwa msanifu. Walioichonga mifereji ya nguzo wametajwa kwa majina. Ni haki yao.

Jambo moja zaidi ambalo picha hutudanganya: mahekalu haya hayakuwa meupe. Triglifi zilipakwa buluu, kanda nyembamba nyekundu, na vichwa na kingo vilikuwa na mapambo ya rangi na dhahabu. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 waligombana sana kabla ya kulikubali hilo, lakini chembechembe za rangi zipo kwenye marumaru.

Parthenon liligeuzwa kanisa, kisha msikiti, na lilisimama likiwa na sehemu kubwa ya mwili wake hadi tarehe 26 Septemba 1687. Siku hiyo kombora la jeshi la Venisi lilipiga baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi ndani, na katikati ya jengo pakarushwa nje. Kati ya 1801 na 1812 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Waturuki, waliondoa sehemu kubwa ya michongo, ambayo hadi leo iko London na Ugiriki inaidai. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos alizisimamisha upya nguzo zilizoanguka, lakini alitumia vyuma visivyomiminiwa risasi. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru. Tena alidhani mawe yanayofanana yanaweza kubadilishana nafasi, akayapanga popote yalipoenea.

Kamati iliyoundwa mwaka 1975 ililazimika kuyafungua maungio hayo, kuweka titani badala ya chuma, na kulitafutia kila jiwe mahali pake pa asili. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu ya vipimo vilevile vilivyowasumbua mafundi wa Pericles. Sakafu ikiwa imevimba, hakuna mawe mawili yanayolingana, kwa hiyo mteremko wa jiwe, pembe yake na tundu la chuma chake vinatosha kumwambia mhandisi limetoka upande gani wa jengo, na liko umbali gani kutoka kwenye kona.